Mizani Ikigoma Baada ya Upasuaji

Msikilizaji, leo nazungumza na watu ambao wengi wao hawajitangazi: waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Mtaani tunasema "amekata utumbo", ingawa mara nyingi kinachokatwa ni mfuko wa chakula, na utumbo unaachwa palepale. Walilipa fedha nyingi, wakanywa supu iliyochujwa siku kadhaa, kilo zikaanza kupukutika. Halafu mizani ikagoma. Jumatatu 104, Ijumaa 104, wiki inayofuata 104 na nusu.

Na maneno ya watu hayangoji. Mtu akipungua haraka, wananong'ona kwamba anaumwa, na ugonjwa wanaoutaja kwa sauti ya chini tunaujua sote. Akisimama, ni walewale wanaouliza, "Kwani zile hela zimekwenda wapi?"

Mimi nasema hivi: mizani kusimama si ushahidi kwamba umeshindwa. Na ile adhabu wanayojipa wengi, ya kupunguza chakula ambacho tayari ni kidogo, ina madhara zaidi kuliko huko kusimama kwenyewe.

Kusimama kwa mwanzo huwakuta wengi karibu na wiki ya tatu. Mwili una akiba ya sukari kwenye ini na misuli, inaitwa glikojeni, na kila gramu yake hukaa na takriban gramu tatu za maji. Chakula kikikatika ghafla, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka. Kwa hiyo zile kilo za siku za mwanzo, ulizopigia picha na kuzituma kwenye kundi la familia, sehemu kubwa ilikuwa maji. Ukianza kula tena kidogo kidogo, akiba hujazwa na maji hurudi, wakati mafuta yanaendelea kupungua chini kwa chini. Mizani inajumlisha vyote. Haijui kilichoingia wala kilichotoka. Hali hii haihitaji dawa. Tafuta tepu ya fundi cherehani, pima kiuno mara moja kwa mwezi, na mizani uipe likizo.

Kusimama kwa baadaye, miezi mingi baada ya upasuaji, ni jambo jingine. Mwili uliopungua unahitaji nishati kidogo. Mwenye kilo 90 hapandi ngazi kwa nguvu zilezile alizotumia akiwa na 130. Zaidi ya hapo, mwili wenyewe hubana matumizi, kama mama wa nyumba anapoona mwezi mrefu. Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri zao. Walijitolea kulishwa, kwa takriban miezi sita, karibu nusu tu ya chakula walichozoea: viazi, mkate, makaroni. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kadiri walivyokonda, mapigo ya moyo yalipungua kasi, wakaona baridi hata siku za joto, na baadhi yao wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Na hao hawakuwa wanene hata kidogo.

Upasuaji wa kukata mfuko hupunguza makali ya njaa, maana sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni inayotuambia tule. Ila tabia ya mwili ya kubana matumizi haiondolewi kwa kisu.

Sasa mtu ambaye mwili wake umeshabana, akaongeza kuruka mlo wa mchana, misuli ndiyo inayolipa. Na misuli ndiyo inayotumia nishati hata ukiwa umelala. Ndiyo maana wataalamu huwaambia wengi wao wapate gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina kama sita, glasi ya maziwa kama nane, kipande cha samaki cha gramu 100 kama 20. Hapo sahani zetu zina kasoro: ugali ndio mlima, samaki anausindikiza. Kwa mfuko uliobaki robo ya ukubwa wake wa zamani, matonge matatu yameshajaza nyumba. Anza na samaki, mayai, maharage. Ugali ukipata nafasi, karibu, ukikosa, basi. Najua kuna nyumba nitakazogombana nazo kwa kauli hii.

Vinywaji ndiyo njia ya panya. Mfuko mdogo huzuia pande la nyama, lakini chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari inapita bila kubisha hodi. Juisi ya miwa vilevile, soda vilevile, uji uliokolezwa sukari vilevile. Mtu atakuapia kwamba hali kitu, naye anasema kweli. Anakunywa.

Kuna jambo jingine linanitia hofu zaidi. Wapo wanaofurahia kutapika, wakidhani ni dalili kwamba upasuaji unafanya kazi. La hasha. Kutapika kila siku kunaweza kumaliza vitamini B1 mwilini katika muda wa wiki chache, na upungufu wake huharibu mishipa ya fahamu na ubongo. Ukitapika mfululizo, miguu ikaanza kulegea au macho kuona viwili viwili, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Na hizo chai za kuharisha zinazouzwa kwenye simu, zinazoahidi "kuamsha" mizani, zinatoa maji na madini, hazitoi mafuta. Sindano za homoni za kupunguza uzito zipo, na madaktari huwapa baadhi ya waliopasuliwa. Wanaozitoa ni madaktari, baada ya vipimo. Shoga yako wa kazini si daktari.

Na kilo chache zikirudi, je? Wasweden walianza mwaka 1987 kufuatilia watu zaidi ya 4,000 wenye uzito mkubwa, karibu nusu yao wakiwa wamepasuliwa. Waliofanyiwa upasuaji wa kukipa chakula njia ya mkato walipoteza kwa wastani asilimia 32 ya uzito katika mwaka mmoja au miwili. Miaka 10 baada ya upasuaji, ilikuwa 25. Yaani aliyeanza na kilo 120 akafika 82, baadaye akawa na 90. Jirani angesema amerudi kunenepa. Lakini matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba, katika muda huo, waliopasuliwa kwa jumla walikufa wachache kuliko wenzao ambao hawakupasuliwa. Hizo kilo nane zilizorudi hazikufuta faida hiyo.

Kwa hiyo ukisimama, rudi kliniki. Nenda na daftari lenye kila ulichokula na kunywa kwa wiki moja, hata ile kashata ya saa kumi. Waambie wapime damu, madini ya chuma na B12, na wakague upya dozi za dawa zako za sukari na presha, kama unazitumia, kwani huenda ulipo sasa unahitaji dawa kidogo kuliko zamani. Ukiruhusiwa, anza kunyanyua vitu vizito. Dumu la lita tano lililojaa maji ni kilo tano tayari.

Nanyi mnaofikiria kwenda kupasuliwa: puto la tumboni, kama wanaloweka hospitali ya Mloganzila, hutolewa baada ya miezi kadhaa, lakini mfuko uliokatwa haurudishwi. Kabla hujatoa shilingi yako, usiulize bei ya siku ya upasuaji peke yake. Uliza mwaka wa tatu utakuwa unamwona nani, kila baada ya muda gani, na kwa gharama ya nani.