Yusufu Aliuliza



Katika Mwanzo, sura ya 40, Yusufu alikuwa kifungoni bila kosa. Asubuhi moja aliwaona mnyweshaji na mwokaji wa Farao wana huzuni, akawauliza sababu. Nao wakamfungulia mioyo yao.

Katika gereza ninalohudumu, wafungwa wenye mawazo mazito huketi pamoja na mshauri kila juma. Hufundishwa kuvuta pumzi polepole hasira ipandapo, na kusema, "Nimeumia," kabla ya kuinua ngumi. Mmoja alikaa kimya majuma mengi. Siku moja mwenzake akamwuliza, "Ndugu, mbona hupati usingizi?" Akalia, kisha akasema: mama yake amezikwa, naye hakuwapo. Baadaye alituambia kwamba usiku ule alikuwa amekusudia kujiua.

Swali la Yusufu halikumfungulia mlango upesi; mnyweshaji alimsahau miaka 2 mizima. Hata hivyo aliuliza.

Na wewe je? Ndugu yako aliyefungwa atarudi nyumbani. Usianze kumwuliza alitenda nini. Mwulize kama anapata usingizi, kisha unyamaze, umsikilize.

Ee Bwana, utupe masikio. Amina.