Mbegu za Maua Zinazotaka Baridi

Leo tunaweka kando mahindi na viazi, tuzungumze habari za maua. Najua wako watakaosema maua hayaliwi. Ni kweli hayaliwi, lakini yanauzwa, na sisi tunaokaa nyanda za juu kama Njombe na Makete tunaweza kupanda maua ambayo ndugu zetu wa pwani hawawezi. Nasema yale ya kudumu, yanayochipua tena kila mwaka bila kupandwa upya: delfinia, akilegia, lavenda, eringiamu.

Shida ni mbegu zake. Mtu ananunua pakiti kwa fedha nyingi, anasia, anamwagilia mwezi mzima, haoni kitu. Mimi mwenyewe yamenikuta. Nilisia delfinia mwezi wa Machi. Hadi Mei haukuota hata mche mmoja. Nikaumwaga ule udongo nyuma ya jiko, nikaenda sokoni kumwambia aliyeniuzia kwamba ameniuzia mbegu mfu, tena nikasema mbele za watu. Basi, Juni ikapita, Julai ikapita na jalidi yake. Agosti, pale pale tunapomwaga maji ya kuoshea vyombo, nikakuta miche minne ya delfinia. Ilinibidi nirudi sokoni kuomba radhi.

Kumbe mbegu zilikuwa zimelala tu. Maua haya asili yake ni nchi zenye majira ya theluji. Mbegu inapukutika mwisho wa kiangazi chao. Kama ingeota papo hapo, mche mchanga ungeuawa na theluji. Kwa hiyo mbegu inasubiri, na haiamki mpaka ipate baridi kwa majuma kadhaa, ikiwa na unyevu. Hapo ndipo inajua kwamba majira mabaya yamepita. Msichanganye jambo hili na pareto. Pareto inataka usiku wa baridi ili itoe maua, lakini mbegu yake inaota bila kupitishwa kwenye baridi.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapokosea. Mbegu kavu ikikaa ndani ya friji hata mwaka mzima, hiyo ni kuihifadhi tu, na kwa delfinia ni vizuri kuihifadhi hivyo, kwa sababu mbegu yake hufa upesi mahali pa joto. Lakini haijaamshwa. Ili iamke lazima iwe imelowa.

Chukueni mchanga safi wa mtoni, muuchekeche, muumwagie maji yanayochemka, muuache upoe. Uwe na unyevu wa kiasi: ukiufinya mkononi litoke tone moja au mawili, basi. Changanyeni na mbegu, vikombe vitatu vya mchanga kwa kimoja cha mbegu, mtie katika mfuko wa nailoni, mbakize hewa kidogo. Andikeni jina na tarehe kwa penseli. Halafu uwekeni chini kabisa ndani ya friji, penye joto la nyuzi 4 hivi. Usiwekwe kule kwenye kugandisha! Mbegu iliyokwisha kunywa maji ikiganda inaweza kufa.

Delfinia inatosheka kwa wiki mbili hadi tatu. Akilegia wiki tatu au nne, na lavenda nne. Eringiamu ni mkaidi, mpeni wiki sita au nane. Kila juma fungueni mtazame. Mkiona kijizizi cheupe kimetokeza, sieni siku hiyo hiyo, msingoje majuma yatimie.

Asiye na friji afanyeje? Mwombeni mwenye duka la soda, mfuko wenyewe ni mdogo kama ngumi. Friji ya chanjo ya zahanati msiiguse, hata kama mganga ni shemeji yako. Na mfuko wa delfinia uandikwe SUMU kwa herufi kubwa, kwa maana mbegu zake ni sumu kweli, na watoto wakiona mfuko ndani ya friji ya soda watadhani ni kitu cha kula. Umeme ukikatika siku moja, msihangaike, ila mlango usifunguliwe ovyo. Ukikatika kwa majuma, mbegu inaweza kurudi usingizini, nanyi mtaanza upya.

Wale wa Njombe wanaweza pia kusia katika masanduku mwanzoni mwa Juni, wakayaacha nje usiku na mchana bila kukauka. Mimi nilipata miche minne kwa njia hiyo, tena bila kukusudia, kwa pakiti nzima. Hesabu hiyo mwaifahamu.

Zikitoka kwenye baridi, delfinia ifunikwe udongo mwembamba tu. Lavenda isifunikwe, inataka mwanga. Kitalu kiwe kivulini, na maji msiyamwage kwa juu. Simamisheni sanduku katika karai la maji mpaka udongo ulowe kutoka chini. Na msimwage udongo wa kitalu kabla mwaka haujaisha, hasa wa eringiamu. Nyingine hungoja miezi.