Kabati Ndani ya Simu: Mtumishi au Mchuuzi?



Mwaka 1995 filamu ya Kimarekani iitwayo Clueless ilimwonyesha binti wa kitajiri akichaguliwa mavazi na kompyuta. Ulikuwa mzaha. Mwaka 2009 programu iitwayo Stylebook ilianza kuuzwa kwa wenye simu za iPhone, na mzaha ukawa bidhaa. Leo zipo programu nyingi za namna hiyo. Mtu hupiga picha kila vazi lake, akaandika bei yake, na simu ikamhesabia amelivaa mara ngapi.

Kwa nini watu waipokee teknolojia hii? Mtaalamu wa Marekani, Fred Davis, alieleza mwaka 1989 kwamba mtu hukubali chombo kipya akiamini mambo mawili: kwamba kitamfaa, na kwamba hakitamsumbua.

Faida yake ni bayana. Katika nchi tajiri nguo zimekuwa nyingi na rahisi mno, hata mtu hajui alicho nacho. Hununua shati la tatu la buluu kwa kuwa mawili ya kwanza yamefukiwa chini ya lundo. Tena, shati la shilingi 30,000 lililovaliwa mara 30 limemgharimu shilingi 1,000 kila mara. La shilingi 10,000 lililovaliwa mara 2 limemgharimu 5,000. Hesabu hiyo ni mwalimu mkali.

Usumbufu nao upo. Kupiga picha nguo mia moja, moja baada ya nyingine, si kazi ndogo. Si ajabu wengine kuishia njiani.

Lakini hapana budi tutazame upande wa pili. Baadhi ya programu hizo zimeunganishwa na maduka. Anayejua kilichomo kabatini mwako ajua pia kilichopungua, naye atakushawishi ukinunue. Hapo chombo cha kubana matumizi hugeuka kuwa wakala wa mfanyabiashara.

Jambo hili latuhusu. Nguo zinazochokwa Ulaya na Marekani hufungwa marobota, yakaja kufunguliwa Karume na Gikomba. Nazo zisizofaa kuvaliwa hubaki kuwa taka zetu. Uzembe wa kabati la London huishia katika jalala la Afrika.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu asiulize tu kama chombo ni kipya. Aulize: chanikumbusha nilicho nacho, au chanitamanisha nisichohitaji? Cha kwanza ni mtumishi. Cha pili ni mchuuzi aliyekaribishwa hadi chumbani.