Sanduku Lang'aa, Sauti Haitoki

Masomo: 1 Samweli 16:1–13, Mathayo 5:21–26

  

Wazee kati yenu mwaikumbuka gramafoni. Gramafoni za zamani zilikuwa na pembe kubwa iliyotokeza nje kama ua la mboga. Kisha mwaka 1906 kampuni ya Victor, ya mji wa Camden katika jimbo la New Jersey, Marekani, ilianza kuuza chombo kilichoitwa Victrola. Pembe iligeuzwa ikaelekea chini, ikafichwa ndani ya kabati la mbao lenye milango. Ukitaka sauti kubwa, wafungua milango. Ukitaka ndogo, waifunga. Umeme haukuhitajiwa. Mtu alizungusha hendeli, kamani ya chuma ikajikunja ndani, na ilipokuwa ikijikunjua iliizungusha santuri. Makampuni mengine yakafuata mtindo huo, na kabati la gramafoni likawa pambo la sebule.

Hata leo wako watu wanaoyatafuta makabati hayo na kuyatengeneza upya. Huko London kiko chama cha wapenzi wa vyombo hivi kilichoanzishwa mwaka 1919. Nasi tulimfahamu mzee mmoja, fundi seremala wa usharika wetu, aliyejifunza kazi hiyo kwa subira ya miaka mingi. Yeye ndiye aliyetufundisha haya tutakayowaambia.

Katika usharika tuliokuwa tukiutumikia, alifariki mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Aliacha wana wawili, na kabati la gramafoni ambalo nyumba nzima ililipenda. Jioni za Jumapili mzee alikuwa akiwakusanya watoto na majirani, akapiga santuri za nyimbo za dini. Baada ya matanga mwana mkubwa alilichukua kabati, akasema yeye ndiye mrithi. Mdogo akasema baba alimwahidi yeye. Basi mdogo akachukua hendeli na sanduku la santuri, akaenda nazo kwake.

Wapenzi, fikirini jambo hilo. Mmoja ana kabati, mwingine ana hendeli. Kwa miaka sita hakuna aliyesikia hata wimbo mmoja.

Nasi lazima tukiri kosa letu. Tulikwenda mara nyingi kwa yule mkubwa. Alikuwa amelipiga kabati msasa, akalipaka vanishi mpya, likang'aa hata ukaweza kuuona uso wako. Tulikunywa chai, tukalisifu kabati, tukaondoka. Hatukuuliza kwa nini halilii. Hatukuuliza kwa nini ndugu hao wawili waliketi pande mbili za kanisa, wala kwa nini mmoja aliingoja safu ya pili ili asipige magoti mezani pa Bwana karibu na mwenzake. Kitabu cha Sala chatuagiza sisi makasisi tusiwakaribishe kwenye Ushirika Mtakatifu watu ambao twaona chuki yatawala kati yao, mpaka tujue wamepatana. Tuliyajua hayo tangu chuoni. Tuliwapa mkate na kikombe, tukanyamaza, kwa sababu nyuso zao zilikuwa za amani.

Siku moja mkubwa alitwambia, "Kasisi, nataka kabati hili lilie siku ya arusi ya binti yangu. Mhunzi alinitengenezea hendeli nyingine, lakini haikushika." Tukamwita yule mzee fundi.

Fundi hakulisifu kabati. Alipitisha kidole juu ya mbao, akatikisa kichwa. Akatueleza kwamba mbao za makabati haya mara nyingi zimefunikwa na ngozi nyembamba sana ya mbao nzuri, na msasa ukizidi huila ngozi hiyo, isirudi tena. Rangi yake ya asili ni shelaki, utomvu utolewao na wadudu wadogo wa huko India. Shelaki huyeyuka kwa spiriti, kwa hiyo mkono mpole waweza kuilainisha na kuisawazisha pasipo kuikwangua. Hata gundi ya zamani, iliyopikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, hulegea kwa joto na maji, fundi akafungua kiungo bila kuvunja ubao. "Waliolitengeneza," akasema, "walijua kwamba iko siku litahitaji kutengenezwa."

Kisha akatoa skrubu, akatazama ndani. Grisi ilikuwa imekauka ikawa kama lami, na kamani imeshikamana. Akasema, "Hakuna kilichovunjika humu, Kasisi. Kimeharibika kwa kukaa. Lakini bila hendeli yake sitaweza kukijaribu."

Mwenye nyumba akainama. Nasi tukainama pia.

Jioni ile tulikwenda kwa mdogo, na yule mkubwa tukiwa naye. Mzee fundi alikuwa ametuonya kwamba kamani iliyokazwa haifunguliwi kwa ghafula, maana huruka na kumkata mtu mkono. Huachiliwa kwanza polepole mpaka nguvu zake ziishe. Basi hatukuanza kwa kuhubiri. Tulimwacha mdogo aseme yote. Alisema mpaka taa ikawashwa. Alisema jinsi alivyomwuguza baba miezi minane, na kaka yake alikuja mara mbili tu. Mkubwa hakujibu neno. Mwishowe akasema, "Mdogo wangu, ni kweli. Niliona haya, nikalichukua kabati ili watu waseme mimi ndiye niliyempenda baba." Yule mdogo aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na hendeli imefungwa katika kitambaa.

Kamani ilisafishwa, ikatiwa grisi mpya, na gramafoni ikazunguka. Lakini tusiwadanganye kwamba yote yalirudi kama kwanza. Santuri zile za zamani nazo zimetengenezwa kwa shelaki, na shelaki haipatani na joto. Zilikuwa zimeegemezwa miaka sita kwenye ukuta wa mabati. Kati ya santuri kumi na mbili, nne tu zilipigika. Ule wimbo baba aliokuwa akifunga nao jioni ulikuwa umepinda kabisa. Ndugu wale walikaa wakaishika santuri ile, huyu upande huu na huyu upande ule, wakalia.

Wasikilizaji wapenzi, twajifunza nini?

Jambo la kwanza: Mungu hatazami vanishi. Samweli alipofika nyumbani kwa Yese alivutiwa na urefu na sura ya Eliabu, lakini Bwana alimfundisha kwamba mwanadamu huishia nje, Yeye huangalia moyo. Twaweza kuvaa suti nzuri ya Jumapili, kuwa wazee wa kanisa, hata kuvaa kanzu ya kasisi, na ndani grisi imekauka.

Jambo la pili: Mungu ni fundi mpole. Hatupigi msasa ili tung'ae mbele ya watu. Hufungua kiungo kilicholegea, husafisha, hutia mafuta mapya. Yeye aliyetuumba alijua kwamba iko siku tutahitaji kutengenezwa, na kwa ajili hiyo alimtoa Mwanawe. Basi usiogope kumfungulia mlango wa nyuma, ule ambao wageni hawauoni.

Jambo la tatu: usikawie. Bwana Yesu alifundisha kwamba mtu akiwa amefika na sadaka yake madhabahuni, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale, aende kwanza wakapatane. Hakusema angoje arusi, wala angoje mazishi. Msamaha hauchelewi mbele za Mungu, lakini ziko santuri zinazopinda tukingoja. Wako wazazi wanaokufa kabla hatujarudi. Wako watoto wanaokua bila kumjua baba mdogo wao.

Kwa hiyo twakuuliza wewe usikiaye, kama tulivyojiuliza sisi: katika nyumba yako, kuna hendeli ya nani? Ni kitu gani ulichokifunga katika kitambaa ukakificha, nacho hakikufai wewe wala hakimfai ndugu yako? Na wewe mwenye kabati, je, huoni kwamba kung'aa kwake hakutoshi? Leo, kabla jua halijatua, piga hatua ya kwanza. Tuma barua. Mpigie simu. Au vaa viatu vyako uende.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe unayeona yaliyo ndani, tusamehe kwa miaka tuliyonyamaza. Sisi wachungaji utusamehe, tuliosifu mapambo tukaacha majeraha. Uilegeze mioyo iliyoshikamana. Uwapatanishe ndugu walioachana, wakati ungalipo. Nayo yale yasiyoweza kurudi, utufariji juu yake, na uyapokee mikononi mwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.