Tengeni Mbegu Kabla ya Kuuza Gunia la Kwanza

Mazungumzo kwa wakulima wa Kitui, msimu wa mavuno



Mtama, kunde na ndengu zinaingia nyumbani. Huu ndio wakati wa kuamua kama shamba litapandwa mapema mvua ya vuli itakapoanza mwezi wa Oktoba. Hapa Kitui mvua hiyo ndiyo inayotegemewa zaidi, nayo haikai sana. Nyumba isiyo na mbegu hutafuta pesa, husubiri msaada, au hupanda nafaka ya sokoni isiyojulikana ilikotoka. Siku zinapita, na unyevu wa ardhini unapotea.

Akina nyanya hawakungoja hivyo. Walichagua mbegu mimea ikiwa bado shambani: ile iliyokomaa mapema, isiyo na ugonjwa, iliyozaa vizuri hata jua lilipokuwa kali. Waliikausha, wakaichanganya na majivu makavu yaliyochungwa, wakaifungia ndani ya kibuyu. Majivu hujaza nafasi kati ya punje, fukusi akakosa pa kupita, tena humkausha mwili.

Si kila mbegu huwekwa. Mahindi ya haibridi yakirudiwa, mazao hupungua. Mbegu yake hununuliwa upya. Lakini mtama, mawele, kunde na ndengu za kienyeji huwekwa mwaka hadi mwaka.

Kabla ya kupanda, pimeni. Funikeni punje 10 kwa kitambaa chenye maji kidogo kwa siku 7. Zikiota 8 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikipungua hapo, tafuteni nyingine mapema.

Karo ya shule na deni la duka havisubiri, na ndiyo maana mbegu huishia sokoni au chunguni. Basi itengwe siku ile ile ya kupura, kabla ya gunia la kuuza, na akabidhiwe mtu mmoja nyumbani.

Benki ya kitaifa ya mbegu iko Muguga, na huhifadhi aina nyingi. Hata hivyo, namna ya kuchagua na kuweka mbegu iko kwa wazee wa nyumbani. Vijana, mavuno haya yasiishe kabla hamjakaa na nyanya zenu wakawaonyesha. Penye swali, afisa wa kilimo wa wadi yupo.