Mji Usiojua: Alice Hindman na Hadithi Isiyo na Kashfa



Hadithi niliyokuja nayo jioni hii inasimulika kwa pumzi moja. Msichana wa mji mdogo anapendwa, anaachwa, anangoja miaka kumi na moja, kisha usiku mmoja wa mvua anavua nguo zote na kukimbilia nje. Basi. Hakuna anayeuawa wala anayeolewa mwishoni. Inaitwa "Adventure", nayo imo katika kitabu cha Sherwood Anderson, Winesburg, Ohio, kilichotolewa New York mwaka 1919.

Anderson alizaliwa Ohio mwaka 1876, akakulia Clyde. Baba yake, askari wa zamani, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi wakati viwanda vilipokuwa vikiimaliza kazi hiyo. Mwana akawa mfanyabiashara wa rangi huko Elyria, hadi Novemba 1912 alipotoka ofisini akatembea tu, akapatikana Cleveland siku nne baadaye akiwa amechanganyikiwa. Miaka iliyofuata alipenda kulisimulia tukio hilo kana kwamba aliipa fedha kisogo kwa makusudi ili aifuate sanaa. (Waandishi ndivyo walivyo, tumsamehe.) Baadaye alihamia Chicago, akaandika matangazo ya biashara ili apate riziki, na kuanzia 1915 akaandika hadithi hizi katika chumba cha kupanga.

Magazeti ya Marekani wakati ule yalitaka hadithi za aina ya O. Henry, zenye fundo linalofunguka kwa mshangao katika aya za mwisho. Anderson aliuona msuko wa namna hiyo kuwa sumu. Lakini kuuondoa msuko si kazi ya kalamu peke yake. Hadithi ya tamaa katika mji mdogo hubebwa na kashfa: majirani wanajua, wanasema, wanaadhibu. Tunaifahamu njia hiyo. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, fimbo ya Zakaria, baba yake, na macho ya watu havimwachi Rosa apumue. Sasa waondoe majirani. Itabaki nini?

Alice Hindman ana miaka kumi na sita anapopendana na Ned Currie, kijana wa gazeti la mji, Winesburg Eagle. Ned anapotaka kwenda Cleveland kutafuta kazi, Alice anamwambia yuko tayari kufuatana naye bila ndoa, afanye kazi, waishi pamoja. Ni pendekezo la kijasiri kuliko lolote analolisema Ned katika hadithi nzima, na Ned analikataa kwa wema: anataka kumlinda. Usiku wa kuamkia safari yake, kwenye nyasi kando ya kijito chini ya mbalamwezi, ulinzi wenyewe unamshinda. Anaahidi kwamba sasa hawataachana, kisha anaondoka. Cleveland inampeleka Chicago, Chicago inampatia mwanamke mwingine, na mwaka haujaisha barua zimekoma.

Alice anabaki akijiona mke wa mtu. Baba yake, naye fundi wa matandiko na askari wa zamani, anafariki Alice akiwa na miaka ishirini na miwili, naye anaajiriwa katika duka la vitambaa. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na jioni tatu kwa wiki anarudi tena dukani. Anaweka akiba ili siku moja amfuate Ned mjini. Safari inafifia, akiba inaendelea. Hapa ndipo Anderson anapoonyesha ufundi wake, kwa maoni yangu zaidi hata ya usiku wa mvua. Tamaa haizimiki, inahamia kwenye vitu. Alice hataki mtu aguse samani za chumba chake. Analipanga blanketi kitandani liwe na umbo la mtu. Msimulizi hacheki wala halii. Anahesabu miaka tu: ishirini na miwili, ishirini na mitano, ishirini na saba.

Kisha inakuja ile mvua. Nyumba haina mtu. Alice anashuka ngazi akiwa uchi, anatoka nje. Anderson ametuambia tayari kwamba kwa wakati huo hamtaki Ned wala mwanamume yeyote hasa. Anachotaka ni kitu kiuitikie wito ulio ndani yake. Anaona mtu akipita gizani, anamwita asubiri, asiende. Mtu huyo ni mzee, na masikio yake ni mazito. Anaweka kiganja mdomoni, anapaza sauti kuuliza kumesemwa nini.

Mwandishi mwingine angemweka pale mchungaji, au jirani mwenye mdomo mrefu, na asubuhi mji ungewaka moto. Anderson anamweka kiziwi, na kashfa inafia hapo hapo. Alice anaanguka, anatambaa kwenye nyasi hadi ndani, anafunga mlango na kuuzibia kwa meza. Hakuna aliyemfukuza. Hukumu yote anajipa mwenyewe, uso ukiwa ukutani. Huu ndio usasa wa hadithi hii, nami nauona mkali kuliko fimbo ya Zakaria, kwa kuwa fimbo unaweza kuikimbia.

Wasomaji wengi hupita bila kuliona jambo moja. Katika kitabu hiki wapweke wengi humtafuta George Willard, mwandishi chipukizi wa Winesburg Eagle, wamfungulie moyo. Alice hana bahati hiyo, maana wakati wake George ni mtoto. Aliyekuwa kwenye gazeti hilo hilo kabla yake ni Ned. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya habari za mji aliondoka na habari moja ambayo hakuiandika, akaikumbuka kwa nadra, alipouona mwezi juu ya nyasi za bustani ya jijini. Na katika hadithi ya mwisho George naye anapanda treni kwenda mjini, kama Ned, kama Anderson mwenyewe. Kitabu hakituhakikishii kwamba yeye atakuwa msikilizaji bora kuliko aliyemtangulia. Ushahidi pekee tulio nao ni kwamba kuna mtu aliyeondoka Ohio na bado akaiandika "Adventure".