Ufunguo wa Sanduku

Nawasalimu ninyi wa Kasongo mjini, ninyi wa Wamaza na Kabambare, na ninyi mliokwea hadi Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, ambao huenda mnatusikiliza kwa redio ya jirani.

Jumapili moja mwezi uliopita nilihudhuria ibada katika kanisa ambalo sitalitaja. Kwaya iliimba kwa Kiswahili, ikaimba kwa Kikusu, ikaimba kwa Kibangubangu, mwishowe ikapiga wimbo wa Kirega uliowainua hata wazee wa viti vya mbele. Mgeni yeyote angetoka pale akisema, hapa makabila yamekuwa kitu kimoja. Ibada ilipokwisha mvua ikashuka. Nikajibanza ukutani chini ya dirisha la chumba cha pembeni, pamoja na mama mmoja mjane, mtu mzima, aliyekimbia vita kutoka upande wa Kabambare na hakurudi tena. Mle chumbani wanaume watano walikuwa wanahesabu sadaka.

Mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, wale wanasema lugha gani?"

Nikatega sikio. Walikuwa wanahesabu kwa lugha ya kwao, wote watano, huku wakicheka kama wanavyocheka watoto wa ua mmoja. Hawakuwa wanaiba. Nina hakika kila franga iliandikwa daftarini. Lakini mama akasema, "Mimi natoa kwa Kiswahili, wao wanahesabu kwa lugha nisiyoijua."

Neno hilo nimelala nalo tangu siku ile. Ninyi mnaoongoza makanisa, mapadri, wachungaji, wakatekista, wakubwa wa shirika, wamama viongozi, leo nazungumza nanyi. Tunapotaka kujua kama kanisa ni la makabila yote, tunaitazama kwaya. Tumekosea mahali pa kutazama. Twende kwenye chumba kile cha pembeni.

Sisi watu wa Kasongo hatuwezi kusema mchanganyiko umetufikia jana. Mji wetu ulizaliwa umechanganyika. Hamed bin Muhammed, yule tunayemwita Tippu Tip, alipoweka makao yake hapa katika miaka ya 1870, aliwakuta wenyeji, kisha akaja na wengine: wapagazi, askari wa bunduki, mafundi, wanawake, na watu waliotekwa kutoka kila upande wa mto Lualaba. Walikuja Waungwana, na lugha yao ndiyo tuliyoiita Kingwana. Mwaka 1893 majeshi ya kamanda Dhanis, yaliyotumwa na dola ya mfalme Leopold, yakauteka mji. Mahali mji ulipokuwa zamani leo panaitwa Tongoni, na ajuaye Kiswahili anajua kuwa tongo ni mahame, mahali walipokaa watu wakaondoka. Miaka kumi baada ya vita vile, mwaka 1903, Mapadri Weupe walifungua misheni Kasongo. Katekisimu ikafundishwa kwa lugha ileile iliyokuwa imeita misafara barabarani.

Ndiyo maana nikimsikia mhubiri akisema sisi ni wamoja kwa kuwa sote tunasema Kiswahili, naingiwa na wasiwasi. Watu waliofungwa katika mnyororo mmoja kuelekea pwani nao waliamrishwa kwa Kiswahili kimoja. Kusikilizana si undugu. Lugha imetufungulia mlango, na hilo ni jambo kubwa, naishukuru kila siku kwa kuwa ndiyo inayonilisha hapa kwenye redio. Lakini mlangoni mtu anaweza kusimama miaka thelathini bila kuambiwa karibu, kaa.

Tena nyumba zetu zimewahi kuujua undugu kuliko makanisa yetu. Kasongo hii, nyumba ngapi zina bibi Mkristo na mjomba shekhe? Siku ya Idi sahani ya wali inavuka ua, siku ya Noeli sahani nyingine inarudi. Hakuna aliyeandika sheria. Ni kwamba anayepika anamjua anayekula.

Sasa nije kwenye uongozi, maana hapo ndipo penye uzito.

Mwaka 1986 jimbo Katoliki la Kasongo lilipata askofu mwandamizi, Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, Mushi wa Walungu. Wakati huo Kasongo na Walungu zote zilikuwa katika Kivu moja. Mwaka 1988 Kivu ikagawanywa sehemu tatu, Maniema ikawa mkoa unaojitegemea, na yule askofu, bila kuhamisha hata godoro lake, akaamka amekuwa mtu wa mkoa mwingine. Mwaka 1990 akashika jimbo lote. Wazee wanaikumbuka Zaire ya miaka ile. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga, hata waliozaliwa huko. Mwaka 1993 Masisi ikawaka. Kila mahali neno "wenyeji" na neno "wakuja" yalinolewa kama panga. Na hapa kusini mwa Maniema, Wakusu, Wazimba, Wabangubangu, Wabuyu na Wasonge waliongozwa na mchungaji aliyetoka milimani kwa Washi.

Munzihirwa anakumbukwa zaidi kwa kifo chake. Aliuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, akiwa askofu mkuu wa huko, baada ya kusema wazi juu ya vita na kuwatetea wakimbizi wa Rwanda wakati ambapo kuwatetea kulikuwa hatari. Mimi napenda tukumbuke na jambo la zamani zaidi. Mwaka 1971 Mobutu alipowaingiza wanafunzi wa Lovanium jeshini kwa nguvu, padri huyu aliomba aingizwe pamoja nao. Hakubaki nje ya uzio akiwaombea. Alivaa walichovaa. Mtu wa namna hiyo ukimleta Kasongo, swali la kabila lake halifutiki, lakini linapata jibu kabla hajafungua kinywa.

Baada yake alikuja Théophile Kaboy, naye mtu wa upande wa Ziwa Kivu, akakaa tangu 1995 hadi 2009, yaani vita vyote viwili vilimkuta humu.

Kuna somo la haraka ambalo wengine watalichukua hapa: leteni kiongozi mgeni, asiye na ukoo mjini, na ugomvi utakwisha. Sikubaliani nalo. Kwanza, si kila kanisa lina Roma ya kuliletea mtu. Makanisa yetu mengi ya Kiprotestanti na ya uamsho yalianzia uani kwa mtu fulani, chini ya mwembe wake, na waumini wa kwanza walikuwa mke wake, shemeji zake na watoto wa kaka yake. Ni kawaida, hata moto huwashwa kwa kuni zilizo karibu. Sitamlaumu mchungaji kwa kuanza na watu wake. Ninamwuliza tu, leo ambapo waumini ni mia tatu na wengine wametoka Pangi, Kongolo na Fizi, mbona mweka hazina bado ni shemeji, mkubwa wa kwaya bado ni mtoto wa kaka, na mikutano bado inafanyika nyumbani kwake baada ya chakula cha jioni, mahali ambapo mtu wa nje hawezi kuingia bila kualikwa?

Pili, mgeni naye huzunguka na watu. Akikosa ukoo atatengeneza ukoo: dereva wake, mpishi wake, yule mmoja aliyemfundisha njia za mji. Nao watageuka kabila.

Nafungua Matendo ya Mitume, mlango wa sita. Kanisa la kwanza kabisa, mitume wenyewe bado wako hai, na tayari kuna manung'uniko ya makabila. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walisahauliwa katika mgao wa kila siku, wajane wa Waebrania wakapata. Angalieni mitume walichofanya. Hawakuhubiri juu ya upendo. Hawakuwaambia wanung'unikaji kwamba wanaleta mgawanyiko, maneno ambayo mjane akiyasikia kwetu anafunga mdomo mpaka kaburini. Waliliambia kusanyiko lichague watu saba wa kusimamia mgao. Na tukiyasoma majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni ya Kigiriki. Huyu wa mwisho hata Myahudi wa kuzaliwa hakuwa, alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Mtu mwenye jina la Kigiriki aliweza kuwa mtu wa upande wowote, najua, lakini mimi sioni kuwa ni bahati tu. Upande uliolalamika ndio uliopewa bakuli ugawe, na ugawe kwa wote, pamoja na wajane wa upande wa pili.

Hebu tuulete mfano huo Kasongo. Sanduku la sadaka lina kufuli moja na ufunguo mmoja. Nasema tufanye kufuli tatu. Ufunguo mmoja kwa mwenyeji wa mtaa, mmoja kwa mtu aliyekuja, na wa tatu kwa yule ambaye watu wake hawana mtu katika halmashauri. Wote watatu wasipofika, sanduku lisifunguliwe. Na kuhesabu kufanyike kwa Kiswahili, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Najua kuna atakayesema hiyo ni kutoaminiana. Ndugu yangu, yule anayeaminiwa tayari ndiye asemaye hivyo. Anayesimama dirishani anasema mengine.

Kuhusu lugha za kwetu nina maneno ambayo rafiki yangu mmoja mchungaji hayapendi. Yeye anataka kuzipiga marufuku kanisani, Kiswahili peke yake, ili kusiwe na siri. Namwelewa, lakini anakata mti kwa ajili ya tawi. Kwenye hesabu na kwenye mkutano, ndiyo, Kiswahili, ili asibaki mtu nje. Kwenye kilio, hapana. Nimekaa matanga mengi. Mama wa Kibuyu aliyefiwa na mtoto, ukimwimbia kwa Kiswahili anakushukuru. Ukimwimbia kwa Kibuyu, analia, na kilio hicho ndicho kinachomponya. Kiongozi wa kanisa la makabila mengi, hata kama hajui lugha hizo zote, ajifunze pole ya kila lugha. Ajue pia watu gani huzika asubuhi, gani hungoja wajomba, nani husemeshwa kwanza. Akikosea mara moja atasamehewa. Asipofika matangani kwa watu wa upande fulani, hata ahubiri kama malaika, wao watakuwa wamekwisha hesabu.

Na Batwa wa Kabambare? Nimeingia makanisa kadhaa huko. Nimewaona wamekaa karibu na mlango. Sijamwona hata mmoja amesimama mbele kusoma somo. Najua wengi hawakusomeshwa, na hilo ni deni letu jingine. Lakini kupokea sadaka hakuhitaji kusoma. Kushika ufunguo hakuhitaji kusoma.

Ninyi wa Salamabila, kwenu kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu mtu wa dhahabu leo yupo, kesho amefuata shimo jipya. Kanisa la machimboni linabadilika sura kila mwezi. Hata hivyo nimeona kwenu kitu nisichokiona mjini: anayefika leo anapewa kazi leo, kwa kuwa hakuna mwingine. Msiipoteze tabia hiyo siku mtakapojenga kanisa la matofali.

Kabla ya kuja hapa studioni nilimpitia yule mama nyumbani kwake. Alikuwa anaanika mchele. Nilimwambia nitasema maneno yake hewani bila kumtaja, akakubali. Kisha nikamwuliza, mama, kama wangekupa ufunguo mmoja kati ya zile tatu, ungeuweka wapi?

Alicheka kwanza. Halafu akafuta mikono, akashika pindo la kikwembe chake, akalifungua fundo ambamo huweka franga za chumvi, akanionyesha ndani.

"Hapa," akasema.